Namba ya Kiambere na Vigawo Vyake

Wahandisi waliolichora bwawa la Kiambere walikadiria kwamba ziwa lake likijaa litabeba maji mita za ujazo 585,000,000. Tangu hapo namba hiyo imenakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine kama kipimo cha ukubwa tu. Msomaji huiona, hukubali kwamba maji ni mengi, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Naona tunaipita haraka mno. Namba nzima, hata iwe kubwa kiasi gani, ina umbile lake la ndani: namba ndogo zilizoijenga, vigawo vinavyoigawa bila baki, na namba nyingine ambazo kamwe haziigawi. Elimu ya kulisoma umbile hilo ilichukua maelfu ya miaka kukomaa, na sehemu kubwa ya safari yake imepita Afrika kabla ya kufika ukingo wa mto Tana huko Mbeere.

Tuifungue kwanza. Ukiigawa 585,000,000 kwa 2, kisha kwa 2 tena, ukaendelea mpaka isigawike, halafu ukafanya vivyo hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa nyingine zinazofuata, utapata hivi: 2⁶ × 3² × 5⁷ × 13. Hakuna kingine ndani yake. Namba 2, 3, 5 na 13 ni namba tasa, yaani haziwezi kugawanywa bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Ukitaka kujua namba yetu ina vigawo vingapi kwa jumla, chukua kila kipeo, kiongeze 1, kisha zidisha: 7 × 3 × 8 × 2. Jibu ni 336. Maji ya Kiambere, kwa hesabu ya karatasi, yanaweza kugawanywa mafungu sawasawa kwa njia 336 pasipo kubaki hata mita moja.

Mgawo ndio uzi nitakaoufuata. Kila kizazi kilichoongeza kitu katika elimu ya namba kubwa kilikuwa na kitu cha kugawa, au kilirithi maarifa ya waliokuwa nacho.

Ishango na Aleksandria

Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward mashariki mwa Kongo. Akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ni namba zote tasa zilizopo kati ya 10 na 20. Safu nyingine ina 9, 19, 21 na 11. Ukijumlisha kila moja ya safu hizo mbili unapata 60, na ya tatu inakupa 48.

Wapo wanaosema kwamba watu wa Ishango walizijua namba tasa. Sidhani mfupa mmoja unaweza kuubeba uzito wa dai hilo, kwa maana huwezi kuiita namba tasa kabla hujawa na mazoea ya kugawa. Linalonitosha ni dogo zaidi, na ni la hakika: kandokando ya maziwa yetu makuu, mtu alichanja alama kwa mafungu, akayapanga kwa safu, na jumla zake zikalingana. Huyo tayari alikuwa anashughulika na namba, si na vitu peke yake.

Maelfu ya miaka yakapita. Kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, Aleksandria nchini Misri, Euclid alikusanya maarifa ya hesabu ya zama zake na kuyaweka katika vitabu 13. Katika hivyo mna mambo mawili tutakayoyahitaji Kiambere. La kwanza ni njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili: toa ndogo katika kubwa kadiri inavyowezekana, chukua baki, rudia, mpaka kusiwe na baki. La pili ni uthibitisho kwamba namba tasa hazina mwisho. Zidisha namba tasa zote unazozijua, halafu ongeza 1. Hakuna hata moja kati ya ulizozizidisha itakayoigawa namba mpya. Ijaribu kwa Kiambere. 585,000,000 inagawanyika kwa 2, 3, 5 na 13. Ongeza mita moja tu ya maji, iwe 585,000,001, na zote nne zinakataa.

Karne iliyofuata, Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya mji huohuo, alitoa njia ya kuchekecha: andika namba mfululizo, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5, uendelee hivyo, na zitakazosalia ndizo tasa. Ukichekecha kuanzia 1 hadi 1,000, zinasalia 168. Namba hiyo ya 168 tutakutana nayo tena, maana leo imeandikwa katika maelezo ya kituo cha umeme cha Kiambere.

Pwani: kugawa mirathi

Miji ya Waswahili ilikua juu ya biashara, na biashara haiendi bila hesabu. Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya Wareno. Lakini hesabu ngumu zaidi mjini haikufanyika sokoni. Ilifanyika kwa kadhi, siku ya kugawa mirathi.

Karibu mwaka 820, Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya urithi. Sababu inaeleweka. Sheria ya Kiislamu inatoa mafungu ya nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, na ni lazima yapatiwe namba moja itakayoyabeba yote. Mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke anapata 1/8, mama 1/6, na kinachobaki ni cha mtoto. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Basi mali inakatwa mafungu 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Wanazuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja walifundisha hesabu hizi kizazi baada ya kizazi, na zinafundishwa hadi leo.

Hapa namba imekuwa na kazi ya haki. 24 imechaguliwa kwa sababu ya vigawo vyake, 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, wala ukubwa wake hauna maana yoyote. Na mgawaji hawezi kuanza kazi kabla ya kuwataja warithi wote kwa majina. Akimsahau mmoja, hesabu yake inaweza kwenda vizuri bila baki, na bado ikawa batili.

Barua ya Krismasi, 1640

Miaka tisa baada ya Sultani Yusuf bin Hasan kuasi na kuwatoa Wareno katika Fort Jesus, Mombasa, mwanasheria Mfaransa aliyeitwa Pierre de Fermat aliandika barua kwa padri Marin Mersenne. Ilikuwa tarehe 25 Desemba 1640. Alieleza ni namba tasa zipi zinazoweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili: ukiiacha 2, ni zile ambazo ukizigawa kwa 4 zinabaki 1. Kwa mfano, 5 ni 1 + 4, na 13 ni 4 + 9. Namba 3, 7 na 11 haziwezi. Leonhard Euler ndiye aliyethibitisha jambo hilo, baada ya zaidi ya miaka 100.

Itazame 585 kwa jicho hilo. Ni 3² × 5 × 13. Namba 5 na 13 zinakubaliwa na kanuni ya Fermat, na 3, inayokataa, imekuja mara mbili, kwa hiyo haizuii. Matokeo yake 585 inaandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia 2: 24² + 3², na 21² + 12². Ukiichukua namba nzima ya 585,000,000, njia zinakuwa 8. Moja kati yake ni hii: 21,000² + 12,000². Na 12,000² ni 144,000,000.

Iweke kando kidogo hiyo 144,000,000. Hiyo ndiyo idadi ya wati ambazo mitambo ya Kiambere ilijengwa kuzitoa mwaka 1988.

Ni sadfa, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Maji hayajui kitu kuhusu Fermat. Lakini sadfa ya namna hii ina faida yake: inamlazimisha mtu kuuliza ni sifa zipi za namba zinatokana na kitu kilichopimwa, na zipi zinatokana na kipimo tulichokichagua. Swali hilo ndilo litakalotuongoza huko mbele.

Embu, 1906: kodi na senti

Jeshi la Waingereza liliingia Embu mwaka 1906, na kituo cha utawala kikajengwa hapo. Wambeere, walioishi nyanda kavu za chini kuelekea Tana, wakawekwa chini ya wilaya ya Embu. Hawakuwa watu wasiojua kuhesabu. Walifuga ng'ombe, mbuzi na nyuki, wakalima mtama, mawele na mbaazi. Mahari yalihesabiwa, madeni ya mifugo yalihesabiwa na kukumbukwa kwa vizazi. Miongoni mwa jamii za eneo la Mlima Kenya kulikuwa pia na haya ya kutaja hesabu kamili ya watu. Wakikuyu, majirani zao, hata leo huwataja mabinti kumi wa Gikuyu na Mumbi kwa kusema kenda muiyuru, tisa kamili, bila kuitamka kumi. Kwa maoni yangu huo ni ujuzi wa namba: ni kujua kwamba mtu akihesabiwa, anayehesabu anapata uwezo juu yake.

Utawala mpya haukuwa na haya hiyo. Kodi ya nyumba ilihesabu nyumba, ikadai fedha. Rupia iliyoletwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1888 iligawanywa pesa 64, yaani 2⁶, namba inayopenda nusu: nusu ya rupia, robo, thumni, mpaka chini kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 rupia ikagawanywa senti 100, na miaka ya 1920 shilingi ikashika mahali pake, nayo ikiwa na senti 100. Namba 100 ni 2² × 5². Ina nusu na robo, ila thumni yake haitoki nzima. Badala yake inatoa moja ya tano na moja ya kumi.

Katika mabadiliko hayo ya sarafu kuna ufunguo wa namba yetu. Milioni moja ni 2⁶ × 5⁶, yaani 64 × 15,625. Rupia ya zamani imejificha ndani ya milioni. Vipeo vikubwa vya 2 na vya 5 tulivyoviona katika 585,000,000 vimetoka karibu vyote katika sifuri sita za mwisho, na sifuri hizo zimetoka katika mazoea ya kuhesabu kwa vidole 10 na katika uamuzi wa kupima kwa mita. Yapime maji yaleyale kwa galoni na sehemu kubwa ya vigawo 336 itatoweka. Kilichobaki mikononi mwetu ni 585: 3, 3, 5 na 13.

Hesabu Mpya, 1962 hadi 1981

Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya hisabati kwa shule za Afrika. Kwa miaka iliyofuata, hesabu za Entebbe na zile za mradi wa shule za Afrika Mashariki ziliingia madarasani Kenya. Wanafunzi wakafundishwa seti na matriki, na wakafundishwa kuandika namba kwa vizio vingine mbali na 10: kizio cha 2, cha 5, cha 8.

Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto hawajui tena kuhesabu chenji. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli, kwa sababu walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kenya ikaiondoa Hesabu Mpya shuleni, na mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4.

Naisikitikia sehemu moja ya kilichotupwa. Mwanafunzi aliyefundishwa vizio angeichukua 585, akaiandika kwa kizio cha 8, na angepata 1111, kwa kuwa 585 ni 512 + 64 + 8 + 1. Akiiandika kwa kizio cha 2, anachotumia kompyuta, angepata 1001001001, inayosomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia, kama inavyosomeka 585 yenyewe. Si namba nyingi zilizo na sifa hiyo kwa kizio cha 10 na kizio cha 2 kwa pamoja. Mtoto akishaona kwamba namba ni moja na maandishi yake ni mengi, hawezi tena kutishwa na urefu wa tarakimu. Somo hilo liliondoka darasani miaka michache tu kabla ya namba ndefu kuingia Mbeere kwa tingatinga.

Tana yafungwa, 1968 hadi 1988

Kenya ilipopata uhuru ilikuwa ikitegemea umeme wa Uganda. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa mkataba wa mwaka uliofuata Kenya iliuziwa megawati 30 kwa miaka 50. Taifa jipya lilitaka umeme wake, na mto wa kuutoa ulikuwa mmoja: Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unaoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika kuteremka kwake kati ya Mbeere, Kitui na Machakos kuna maporomoko yaliyoupa mradi jina la Seven Forks.

Kindaruma kikaanza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Katika miaka hiyohiyo bei ya mafuta ikapanda ghafla mara mbili, 1973 na 1979, na kila kituo cha kuchoma mafuta kikawa mzigo. Maji yakaonekana kuwa ndiyo nusura. Lakini mabwawa ya mwanzo yalikuwa madogo. Mvua zikikosekana, mitambo inapoa. Ndiyo maana Masinga likajengwa juu ya mengine yote na kukamilika mwaka 1981, likiwa na nafasi ya mita za ujazo 1,560,000,000, liwe ghala la maji ya kiangazi. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, ndiyo iliyolisimamia, na ndiyo iliyopewa pia lililofuata: Kiambere, la mwisho kwa kufuata mkondo, lililoanza kujengwa mwaka 1983 kwa fedha ambazo sehemu yake ilikopwa Benki ya Dunia.

Sasa tuitumie njia ya Euclid kwa maziwa haya mawili, tukiacha mamilioni kando. Toa 585 mara mbili katika 1,560, inabaki 390. Toa 390 katika 585, inabaki 195. Toa 195 mara mbili katika 390, haibaki kitu. Kigawo kikubwa cha shirika ni 195. Kiambere ni 195 mara 3, na Masinga ni 195 mara 8. Uwiano ni 3 kwa 8, barabara.

Hii ni sifa ya aina tofauti na zile za mwanzo. Ukipima kwa mita, kwa galoni au kwa ndoo za mama wa Kitui, uwiano wa 3 kwa 8 haubadiliki. Vile vigawo 336 vilikuwa mali ya kipimo chetu. Uwiano huu ni mali ya maziwa yenyewe, kama yalivyokuwa katika michoro. Ndani yake kuna mkakati mzima wa Seven Forks: fungu kubwa lilindwe juu, fungu dogo lipokee chini maji ambayo vituo vinne vimekwisha kuyatumia, liyatumie mara ya tano kabla hayajaachwa yaende Garissa na nchi ya Wapokomo.

Mwaka 1988 kituo kikafunguliwa. Mitambo miwili ya megawati 72 ikatoa megawati 144. Nyaya zikavutwa kwenda Nairobi na kwenda Rabai, Mombasa.

Kilichohesabiwa baadaye

Ili maji yakae, watu walipaswa kuondoka. Maelfu ya Wambeere wa ukingo wa kaskazini na Wakamba wa ukingo wa kusini walipoteza makazi, mashamba na malisho. Wakati huo Mbeere ilikuwa bado katikati ya mabadiliko mengine makubwa: tangu miaka ya 1970 ardhi ya koo ilikuwa ikipimwa na kuandikwa kwa majina ya watu binafsi, na kesi za ukoo dhidi ya ukoo zilikuwa zimejaa kwenye mabaraza. Waliohamishwa walilipwa fidia ya pesa taslimu, wakaachwa watafute wenyewe pa kwenda.

Miaka michache baadaye Edward Mburugu, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichunguza hali yao, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1993. Michael Cernea, mwanasosholojia wa Benki ya Dunia, akayanukuu katika maandishi yake juu ya umaskini unaoletwa na kuhamishwa watu, na kwa hiyo jina la Kiambere likajulikana kwa wasomi wa mambo hayo duniani kote. Wastani wa ardhi ya familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi hekta 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya thuluthi. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalishuka kwa asilimia 68, ya maharagwe kwa asilimia 75. Mapato ya familia yalishuka kutoka shilingi 10,968 hadi shilingi 1,976.

Namba hizi mbili za mwisho nazo zifunguliwe. 10,968 ni 2³ × 3 × 457, na 1,976 ni 2³ × 13 × 19. Kigawo chake kikubwa cha shirika ni 8, na ukizirahisisha unapata 247 kwa 1,371. Hakuna uwiano mwepesi hapa kama ule wa maziwa. Kwa lugha ya kila siku, katika kila shilingi 100 zilizokuwa zikiingia nyumbani, zilibaki 18.

Uwiano huo, kama ule wa 3 kwa 8, hautegemei kipimo. Ubadilishe shilingi kuwa dola, au kuwa mbuzi, bado ni 18 kwa 100. Wahandisi waliutafuta uwiano wa maziwa kabla ya kuchimba, maana bila huo mitambo isingezunguka. Uwiano wa mapato ya watu ulitafutwa watu wakiwa wamekwisha kuhama. Hisabati iliyohitajika kwa yote mawili ni ileile, na kila mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tofauti iko katika lipi lilionekana la lazima kupigiwa hesabu mapema, na hilo naliona kuwa kosa la waliopanga, si bahati mbaya.

168, matope na mswada

Kufikia mwaka 2009 mitambo ya Kiambere ilikuwa imekarabatiwa. Kila mmoja sasa unatoa megawati 84, jumla 168. Kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ndiyo inayoiendesha. Tumerudi kwa chekecheo la Eratosthenes na namba tasa zilizo chini ya 1,000. Hii nayo ni sadfa, na imekaa vizuri kwa mwalimu wa Kiambere atakayetaka kulianza somo la namba tasa kwa kitu ambacho wanafunzi wake wanakiona kwa macho.

Namba tasa zina kazi nje ya darasa pia. Mwaka 1977 watafiti Rivest, Shamir na Adleman walionyesha kwamba kufungua namba kubwa sana kwa vigawo vyake tasa ni kazi ngumu kiasi cha kuweza kulinda siri, na ufunguo wa namna hiyo umetumika kwa miaka mingi kulinda mawasiliano ya benki na tovuti. Namba yetu isingefaa. Vigawo vyake tasa ni vidogo, na mwanafunzi mwenye penseli anaimaliza kwa dakika chache. Namba inayolinda siri hutengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili ndefu mno. Haigawanyiki kwa urahisi kwa yeyote asiyezijua hizo mbili. Ile ya Kiambere inagawanyika kwa urahisi kwa kila anayetaka.

Wakati huohuo kile inachokipima kinabadilika. Udongo wa mashamba ya mlimani unateremka na mito kila msimu wa mvua na kutulia chini ya maziwa, na Masinga, lililo juu, ndilo linalopokea mzigo wa kwanza. Nafasi yake ya maji imepungua tangu 1981. Uwiano wa 3 kwa 8 ni wa michoro; maziwa yenyewe yamekwisha kuuacha.

Tangu 2014 mswada wa kugawana manufaa ya maliasili umeletwa Seneti zaidi ya mara moja, na mabwawa ya Tana ni miongoni mwa mambo yanayofanya kaunti zing'ang'anie mgao. Nikiwaorodhesha wenye dai juu ya maji ya Kiambere, naona hawa wanaokumbukwa haraka: serikali kuu, TARDA, KenGen, kaunti ya Embu, kaunti ya Kitui, na kaunti ya Tana River inayosubiri maji huko chini. Ni sita. Namba 585,000,000 inagawanyika kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6 bila baki, kila mmoja akipata 97,500,000. Namba ndogo kabisa inayokataa kuigawa ni 7. Waongeze waliohamishwa, wawe wa saba, na kila fungu linakuwa mita za ujazo 83,571,428, zinabaki mita 4.